TUMPIME MTU KWA MWENENDO WAKE

"Huyu ni mtu wa wapi, na anafanya kazi gani?" Hayo ndiyo maswali ya kwanza aulizwayo mgeni anaposhuka kwenye gari Murusagamba, wilayani Ngara, na ndiyo aulizwayo mvuvi anapovuta mtumbwi wake kwenye mwalo wa Goziba au wa Kerebe, wilayani Muleba. Maswali yenyewe hayana ubaya. Tangu zama za wazee wetu waungwana wameulizana watokako na shughuli zao, ili wajuane na wasaidiane. Ubaya huanza pale jibu linapogeuzwa kuwa hukumu. Pale mtu anapokuwa amekwisha kuhesabiwa mwizi, jambazi au mhamiaji haramu kabla hajatenda lolote, kwa sababu tu ya umbo la pua yake, au lafudhi ya ulimi wake, au kwa kuwa yeye huswaga ng'ombe badala ya kushika jembe.

Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu ni ugonjwa wa mkoa wetu, na wanaoumia zaidi ni watu wa pembezoni: wa mpakani upande wa magharibi, na wa visiwani upande wa mashariki. Tunawaandikia ndugu zetu wa visiwani, ambao wanaujua uchungu wa kuhukumiwa kwa kazi yao, na tunawaandikia watumishi wa Serikali, ambao kalamu zao zaweza kumwondoa mtu katika ardhi aliyowazikia wazazi wake.

Kwanza tuseme yaliyo haki ya Serikali. Ngara inapakana na nchi mbili, Rwanda na Burundi, na nchi zote mbili zimepita katika misukosuko mikubwa. Kwa miaka mingi wasafiri wa barabara ya Lusahunga hadi Rusumo waliviziwa na majambazi wenye bunduki, hata mabasi yakalazimika kusindikizwa na askari polisi. Makundi ya ng'ombe yaliingizwa katika mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ambayo tangu mwaka 2019 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Nchi isiyolinda mpaka wake haiwezi kuwalinda watu wake. Hatuandiki maneno haya kumtetea jambazi, wala kumficha aliyeingia nchini kwa mlango wa nyuma. Swali letu ni moja tu: tunamtambuaje?

Mwezi Julai 2013, Rais wa wakati huo, Ndugu Jakaya Kikwete, akiwa ziarani mkoani humu, aliwataka wahamiaji haramu waondoke kwa hiari na wenye silaha zisizo halali wazisalimishe, akawapa majuma mawili. Mwezi Septemba mwaka huo huo ikafuata Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Silaha zilikamatwa, na maelfu ya watu wakavuka mpaka, wengine kwa hiari na wengine kwa kusukumwa. Wamo miongoni mwao waliostahili kuondoka. Lakini malalamiko yalisikika, ndani ya nchi na nje, kwamba walivushwa pia watu waliozaliwa hapa hapa, watu waliooa na kuolewa hapa, na hata watu waliokwisha kupewa uraia kwa mujibu wa sheria. Nyumba ziligawanyika: mume akabaki upande huu, mke na watoto wakawa upande wa pili wa mto.

Makosa ya namna hiyo hayatoki katika sheria. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haisemi popote kwamba raia ni mtu mfupi, wala kwamba mgeni ni mtu mwenye ng'ombe mia. Makosa hutoka katika vikao, kwenye madawati na chini ya miembe, mahali ambapo majina hutajwa kwa sauti ya chini na orodha huandikwa upesi.

Mwandishi wa maneno haya hana ruhusa ya kuwanyooshea wengine kidole kana kwamba yeye hakuwamo. Mwaka ule alikuwa kijana mwenye dhamana ndogo ya Chama katika kijiji kimoja cha huku mpakani, naye aliitwa kwenye kikao cha kupendekeza majina. Likatajwa jina la mzee mmoja mfugaji. Mzee huyo aliletwa nchini akiwa mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake, miaka ya mwanzo ya 1960. Wanawe walisoma chuoni kwa Maalim pamoja na mwandishi huyu, wakichangia ubao mmoja na wino wa masizi. Shule ya msingi ilipojengwa, yeye ndiye aliyetoa fahali wa kuwalisha mafundi. Kisima cha kijiji alikichimba yeye na wanawe kwa majembe yao. Kikaoni hakuna aliyeyasema hayo. Lililosemwa ni hili: ni mrefu, pua yake nyembamba, na ng'ombe wake ni wengi, mnataka ushahidi gani zaidi?

Hakuna aliyeuliza kama alikuwa na hati. Alikuwa nayo, imekunjwa ndani ya sanduku la bati. Katika kikao hicho hicho halikutajwa jina la mtu mwingine, ambaye kijiji kizima kilijua kwamba nyumba yake hupokea wageni wenye silaha nyakati za usiku. Mtu huyo alikuwa na ukoo unaojulikana, na makaburi ya babu zake yako kando ya barabara. Hivyo akahesabiwa mwenzetu.

Siku ya kuondoka, mzee alipita mbele ya mwandishi huyu na kusimama. Mwandishi alimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Wewe umekula kwangu na umelala kwangu. Waambie unachokijua." Mwandishi alikaa kimya. Aliogopa kuulizwa kwa nini anawatetea watu hawa, na aliogopa kwamba swali la pili lingekuwa juu ya babu yake mwenyewe. Mzee hakurudi tena. Maji ya kisima chake tunayanywa hadi leo.

Tunasimulia habari hii kwa sababu tunaamini kwamba si ya kijiji kimoja. Katika kila kijiji kilichopitiwa na shughuli ya namna ile wapo watu waliojua ukweli wakanyamaza. Na wengi hawakunyamaza kwa chuki, bali kwa woga. Kipimo cha sura na cha kazi kina ubaya huo: kinamtisha kila mtu, maana hakuna mtu katika wilaya hizi asiyekuwa na jamaa, shangazi au mkwe upande wa pili wa mpaka.

Na haishangazi kuwa hivyo. Mipaka yetu ilichorwa na wakoloni kwa rula, wala hawakuwauliza wakazi. Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya Ngara, ilikuwa ikihesabiwa sehemu ya Urundi, nayo iliingizwa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji walipogawana makoloni ya Mjerumani. Kihangaza na Kishubi cha Ngara, Kiha cha Kigoma, Kirundi na Kinyarwanda ni lugha za jamii moja, na wazungumzaji wake husikilizana bila mkalimani. Basi anayetaka kumjua raia kwa kusikiliza lafudhi Murusagamba amejitwika kazi isiyowezekana. Atamkamata Mhangaza aliyezaliwa Kabanga, na atamwacha mhalifu aliyejifunza Kiswahili kizuri mjini.

Wako watakaosema kwamba tunalikuza jambo dogo. Kwamba kumtazama mtu kwa kabila lake au kazi yake ni mazoea tu ya watu, wala hayana madhara. Sisi tunaoishi kandokando ya Mto Kagera tumekwisha kuona mwisho wa mazoea hayo.

Nchini Rwanda Mtutsi na Mhutu walizungumza lugha moja, wakakaa vilima vimoja, wakaabudu pamoja na kuoana. Tofauti yao kwa sehemu kubwa ilikuwa ya hadhi na ya shughuli: huyu akifikiriwa mfugaji, huyu akifikiriwa mkulima. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliwahesabu watu, wakawaandikia kabila katika vitambulisho, na tangu hapo kile kilichokuwa zaidi shughuli na hadhi kikawa damu, kikarithiwa na mtoto kutoka kwa baba yake. Mtu hakuweza tena kukibadili kwa kazi yake wala kwa mwenendo wake. Mwaka 1994, kati ya Aprili na Julai, vitambulisho hivyo hivyo vilisomwa vizuizini, na aliyeandikwa kabila lile aliuawa papo hapo. Hakuna aliyeulizwa kama alikuwa mwema au mbaya. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa watu wapatao 800,000 waliangamia katika siku 100 hivi.

Ndugu zetu wa visiwani wasidhani kwamba hayo ni ya bara na hayawahusu. Mto Kagera unapita Rusumo, unafuata mpaka wetu na Rwanda kuelekea kaskazini, kisha unageukia mashariki na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Mwezi Mei 1994 mto huo ulileta ziwani maelfu ya miili. Upande wa Uganda peke yake zaidi ya miili 10,000 iliopolewa na kuzikwa katika maeneo ya Kasensero, Lambu na Ggolo, na wavuvi ndio waliofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo ya huruma. Soko la samaki lilianguka, kwa kuwa watu waliogopa kula. Mvuvi ambaye hakupata kuiona Kigali maishani mwake alipoteza riziki yake kwa sababu ya neno moja lililoandikwa katika karatasi ya mtu mwingine, mbali na nyumbani kwake.

Yapo mafunzo mengine mawili katika msiba ule. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa kwa usiku mmoja. Wengi wao walikuwa wakulima, wanawake na watoto waliokimbia vita. Lakini walikuwamo pia wauaji waliokuja na mapanga yao. Aliyesema kwamba wote ni wauaji alikosea, na aliyesema kwamba wote ni wahanga alikosea vilevile. Makosa hayo mawili ni ndugu, maana yote mawili yanakataa kumtazama mtu mmoja mmoja.

Kazi ya kutazama mtu mmoja mmoja ilifanywa baadaye, tena ilifanywa hapa nchini petu, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliyokaa Arusha hadi ilipofungwa mwaka 2015. Mahakama ile ilishtaki watu 93, kila mmoja kwa jina lake na kwa matendo yake. Haikulishtaki kabila lolote. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa bwana mkubwa wa wilaya ya Rusumo ng'ambo tu ya mto wetu, mtu aliyeheshimiwa kwa cheo chake, alikamatwa mwaka 2001 katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, na mwaka 2006 rufani yake iliishia kwa kifungo cha maisha. Gérard Ntakirutimana alikuwa daktari wa hospitali ya Mugonero, mtu wa kazi ambayo sote tunaivulia kofia, naye alipatikana na hatia na kufungwa miaka 25. Wakati ule ule walikuwapo watu wasio na cheo wala shahada, waliowaficha jirani zao darini na mashambani kwa kuhatarisha maisha yao. Basi ni wapi panapoonekana kwamba kazi ya mtu, au kabila lake, ndiyo dhamana ya utu wake?

Sasa tugeuke ziwani. Visiwa vya Bumbire, Ikuza, Kerebe na Goziba vimekusanya watu wa kila upande: Wahaya, Wazinza, Wakerewe, Wakara, Wajita, Waluo, Wasukuma na wengineo. Tangu sangara alipoanza kununuliwa na viwanda, watu wamefurika visiwani humo kutafuta maisha. Na watu wa nchi kavu wamejitengenezea picha moja ya mvuvi: mlevi, mhuni, mtu asiye na kwao, mwenye kutumia leo na kukopa kesho. Mwanamke anayepika chakula mwaloni, au anayenunua dagaa na kuwaanika, huhesabiwa malaya kabla hajafungua kinywa. Mwaka 2018, wakati wa Operesheni Sangara dhidi ya uvuvi haramu, wavuvi wengi walilalamika, na malalamiko yao yakafika Bungeni, kwamba walitendewa wote kana kwamba kila mtumbwi umebeba kokoro na sumu. Uvuvi haramu upo na unaua ziwa, wala hatuutetei. Lakini yule aliyenunua nyavu zenye macho halali kwa mkopo, akamwona jirani yake wa kokoro na yeye wakitukanwa kwa lugha moja, atapata wapi moyo wa kuendelea kutii sheria?

Wasemao hivyo hupenda kuegemea methali: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Tunawauliza wavuvi wenyewe, ambao ndio wenye elimu ya samaki. Mnunuzi wa sangara mwaloni hainunui wala haikatai shehena nzima kwa harufu ya samaki mmoja. Humshika kila samaki, humfunua mashavu akatazama wekundu wake, humbonyeza nyama, kisha aliyeharibika akatupwa na aliye mzima akapimwa kwenye mizani. Iwapo samaki anapewa heshima ya kutazamwa peke yake, mwanadamu amekosa nini?

Lakini haki inadaiwa pia kwa yule anayeidai. Watu wa visiwani wanalalamika, na wanalalamika kwa haki, kwamba wanahukumiwa kwa kazi yao. Hata hivyo kibanda kikiibiwa injini ya mtumbwi, mtu wa kwanza kushikwa ni yule aliyetoka nchi jirani, au yule kibarua wa kabila lisilo na watu wengi mwaloni. Huyo hupigwa kwanza, halafu ndipo injini hutafutwa. Mnyonge anayemfanyia mnyonge mwenzake yale yale aliyofanyiwa na mwenye nguvu hajaelewa kwa nini aliumia.

Katika elimu ya dini aliyofundishwa mwandishi huyu utotoni, Sura ya Al-Hujurat inafunza kwamba mataifa na makabila yamewekwa ili watu watambuane, na kwamba heshima mbele ya Mwenyezi Mungu hupatikana kwa ucha Mungu. Bilali alikuwa Mhabeshi na mtumwa, naye ndiye aliyechaguliwa kuadhini. Mtume mwenyewe alichunga mifugo ya watu wa Makka katika ujana wake. Mtu anayesali mara tano kwa siku na kisha akamdharau mchungaji kwa kuwa ni mchungaji, hana budi kujiuliza anamfuata nani. Na wenzetu Wakristo nao wanamheshimu mwana wa seremala, ambaye wafuasi wake wa kwanza walikuwa wavuvi wa ziwa.

Siasa ya nchi yetu haikusema lingine. Mwezi Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru, uliletwa Bungeni muswada wa uraia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa watu weusi tu. Waziri Mkuu, Mwalimu Julius Nyerere, alisimama akakataa kata kata. Alishikilia kwamba uraia usimame juu ya uaminifu wa mtu kwa nchi, wala usisimame juu ya rangi, na akaweka wazi kwamba serikali yake ingekuwa tayari kujiuzulu kuliko kulikubali shauri lile. Mtu aliyekuwa amebakiza siku chache kufikia Uhuru alikuwa tayari kukiacha kiti kwa ajili ya kanuni hiyo moja. Yafaa viongozi wa leo waikumbuke siku ile kila wanapotia sahihi orodha.

Mwaka 1972 jirani yetu, Idi Amin, alichukua njia ya pili. Aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, bila ya kutenganisha mfanyabiashara mnyonyaji na mwalimu, wala mhalifu na mwema. Na wengi waliokuwa na haki ya uraia walikataliwa karatasi zao. Mwalimu alikilaani kitendo hicho kuwa ni ubaguzi wa rangi. Miaka michache baadaye uchumi wa Uganda ulikuwa magofu, na mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakaivamia Kagera yetu.

Sisi tulifanya kinyume chake. Wakimbizi wa Rwanda waliokuja baada ya mwaka 1959 walipewa ardhi, wakiwamo waliowekwa Muyenzi, wilayani Ngara. Mwaka 1980 Serikali iliwafungulia mlango wa uraia wakimbizi wapatao 36,000 kutoka nchi hiyo, na mwaka 1983 Mwalimu akatunukiwa Nishani ya Nansen kwa ajili ya wakimbizi. Wazee wetu walikuwa na methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake ni kwamba aliyeshika jembe pamoja nasi ni mwenzetu. Kazi yake na mwenendo wake ndio hati yake ya kwanza mbele ya majirani. Nayo Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, inakataza kumbagua mtu kwa utaifa wake, kabila lake, pahala alipotokea, rangi yake au hali yake ya maisha.

Hata hivyo tumekuwa tukisahau, tena hata katika ngazi za juu. Mwezi Februari 2001 ilitangazwa kwamba watu wanne mashuhuri hawakuwa raia: Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa habari aliyepata kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, Balozi Timothy Bandora, Anatory Amani, kiongozi wa Chama katika mkoa wetu huu, na Moudline Castico wa Zanzibar. Watu hao walikuwa wameitumikia nchi kwa miaka mingi mbele ya macho ya wote, lakini swali lililoulizwa lilihusu asili ya wazazi wao. Siku zilipopita, Amani akawa Meya wa Manispaa ya Bukoba, na Castico akawa Waziri katika Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Ikiwa watu wenye majina makubwa na mawakili walipata taabu kiasi hicho, tufikirie mchungaji wa Murusagamba asiyejua kusoma, ambaye hana wa kumsemea ila jirani zake.

Mtumishi wa Serikali atajibu kwamba maneno haya ni mazuri lakini kazi ni kubwa, na muda ni mfupi, na hawezi kumchunguza kila mtu. Tunamjibu kwa heshima kwamba njia ya mkato haipunguzi kazi, bali inaiharibu. Jambazi anafurahi anapoona askari wanahangaika na wenye pua ndefu, kwa maana yeye ana pua fupi. Na raia aliyeonewa mara moja hatarudi tena kutoa habari kwa polisi, hata akiona bunduki zinafukiwa nyuma ya nyumba yake. Usalama wa mpaka wetu unategemea imani ya watu wa mpakani, na imani hiyo haipatikani kwa kuwatisha.

Tunapendekeza mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wetu. Jina la mtu lisitajwe kikaoni bila ya kutajwa tendo lake. Asemaye "huyu ni mgeni" aulizwe amejuaje, na jibu la sura au la mifugo likataliwe pale pale na liandikwe kuwa limekataliwa. Anayetuhumiwa aitwe asikilizwe, alete hati zake na mashahidi wake, kabla ya hatua yoyote kuchukuliwa. Balozi wa nyumba kumi na wazee wa kijiji, ambao ndio wajuao mwenendo wa kila mtu, waulizwe wazi mbele ya watu wala si gizani. Aliyeondolewa kwa makosa awekewe njia ya kurudi na kurudishiwa mali yake. Vitambulisho vya Taifa vitolewe mipakani na visiwani kwa uangalifu sawa na mahali pengine, na mwombaji asizungushwe miaka kwa sababu ya jina la babu yake. Na visiwani, vikundi vya ulinzi wa mialo vipeleke vyombo vya dola aliyekamatwa na ushahidi, wala visimpige aliye mgeni.

Hatusemi kwamba mwenendo wa mtu hujulikana kwa siku moja. Hujulikana polepole, kama kina cha maji kijulikanavyo kwa mpondo. Inataka kukaa na mtu, kufanya naye kazi, kumwona siku ya njaa na siku ya mavuno. Ndiyo maana wavivu hupenda kipimo cha sura, ambacho hakidai chochote ila macho. Lakini nchi haikujengwa na wavivu.

Safari nyingine itakapotangazwa operesheni, na itatangazwa, kwa kuwa mpaka upo na wahalifu wapo, kutakuwa na kikao mahali fulani chini ya mwembe, na jina la mtu litatajwa. Atakuwapo hapo mtu mmoja anayeujua ukweli. Tunamwomba mtu huyo aseme, wala asingoje kuandika gazetini baada ya miaka, kama alivyofanya mwandishi huyu.